Dawa kwa Jina la Mama

Ukungu wa Bungu hauna haraka. Hushuka kutoka msituni, ukalala juu ya mashamba ya chai na vitalu vya kabichi, na jua likichomoza hujikunja polepole kama mtu anayekunja mkeka wake mwenyewe. Katika ukungu huo, kila Jumatatu na Alhamisi, Efrazia alikuwa akishuka na matenga yake ya peasi na matunda damu kwenda kuyauza sokoni Korogwe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwembamba wa mwili, mchapakazi kama mchwa, na watu wa Bungu walimheshimu kwa jambo moja hasa: hakuwa mtu wa maneno mengi. Siri ikiingia kwa Efrazia, walisema, imeingia kisimani. Hakuna aliyejua kuwa sifa hiyo ndiyo ingekuja kumliza.

Mungu alikuwa amempa mtoto mmoja tu, Yasinta. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, binti huyo alianza kunywa maji kama ardhi iliyokosa mvua, akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inamvuka kiunoni, na siku moja akaanguka darasani. Wakamteremsha hadi hospitalini Korogwe. Daktari alimkalisha Efrazia kitako, akamweleza kwamba mwili wa mtoto huyo ulikuwa umeacha kutengeneza insulini, kwamba hicho kilikuwa kisukari cha aina ile isiyosikia vidonge, na kwamba atachoma sindano asubuhi na jioni maisha yake yote. "Akizichoma sawasawa," daktari alisema, "atasoma, ataolewa, atazaa kama wenzake."

Efrazia alisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo. Nusu ya pili ilimpita kama upepo.

Yasinta alisoma, akajifunza ushonaji, akakua msichana mwenye haiba na mikono mepesi ya cherehani. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuja mchumba kutoka Mkumbara, kijana mwenye duka la pembejeo kando ya barabara kuu. Mambo yalikwenda vizuri hadi wazazi wa kijana walipodokezwa habari za sindano. Hawakugombana na mtu. Walimtuma mzee mmoja mpole aliyekunywa chai yote aliyoandaliwa, akasifu peasi za uani, kisha akasema kwamba ukoo wao ulikuwa haujawahi kuoa mgonjwa na wasingependa kuanza sasa. Yasinta alikuwa nyuma ya pazia, akayasikia yote. Kwa siku nne hakutia chakula kinywani, na siku ya tano Efrazia alikula kiapo moyoni kwamba aibu ile haitarudi tena kizingitini pake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo, alipokuja Mikaeli miaka miwili baadaye, mama alikuwa amejiandaa. Mikaeli alikuwa dereva wa fuso, mwenyeji wa Kwamsisi huko Handeni, kijana mkimya aliyesafirisha machungwa na mahindi na kurudi kwao kwa siku mbili tatu tu kila baada ya wiki kadhaa. Alimpenda Yasinta tangu siku aliyopeleka suruali yake ishonwe mfuko, na alikuwa na mama mmoja mjane, Hosiana, ambaye naye hakuwa na mtoto mwingine. Siku moja kabla ya harusi, Efrazia alimwita binti yake jikoni, wakawa wanachambua mchele.

"Huko unakokwenda, ugonjwa wako uuache hapa," Efrazia alisema bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mama, ugonjwa hauachwi. Unakwenda na mwenyewe."

"Basi uache kuutaja. Dawa nitakununulia mimi, nitakutumia mimi. Hakuna atakayejua."

Yasinta alitupa jiwe nje ya ungo. "Mikaeli ni mtu mwelewa. Nilitaka kumwambia wiki iliyopita."

"Na yule wa Mkumbara hakuwa mwelewa?"

Neno hilo lilimchoma binti kama mwiba. Aliinama akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, na hakusema lolote tena. Kunyamaza kwake Efrazia alikuchukua kuwa kukubali.

Tangu hapo kila mwezi Efrazia alifika katika duka la dawa la Riyaz mjini Korogwe. Riyaz, kijana wa mzee Abdulhussein, alikuwa amelirithi duka hilo kwa baba yake pamoja na tabia ya kumwuliza kila mteja hali ya nyumbani kwake. Siku ya kwanza aliuliza insulini ile ilikuwa ya nani. Efrazia alijibu bila kupepesa macho, "Ni yangu. Nimeanzishiwa." Riyaz akampa pole, akaandika jina lake katika daftari la wateja wa dawa za kudumu, na mwanamke aliyekuwa mzima kama kigongo akatoka dukani akiwa mgonjwa wa kisukari. Sokoni aliacha kutia sukari kwenye chai ili uongo wake usimame kwa miguu miwili. Wenzake walimhurumia. Alikuwa tayari kuitwa mgonjwa yeye, mradi asiitwe Yasinta.

Dawa aliiweka katika chupa ya chai yenye maji baridi, akaifunga kwa kanga na kumkabidhi kondakta wa basi. Yasinta aliipokea Mkata, alikokwenda kwa kisingizio cha kununua nyuzi na vifungo. Nyumbani Kwamsisi hapakuwa na friji. Alikitia kile kichupa katika mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, nyuma ya cherehani, na kila alfajiri na jioni alijichoma bafuni huku akimwaga maji kwa kata ili asikike anaoga. Mume alikuwa barabarani. Mama mkwe alikuwa na shamba, kuku na kanisa. Siri ikakaa mwaka mzima kama kaa la moto lililofunikwa majivu.

Kisha Yasinta akashika mimba.

Furaha ya Hosiana haikuwa na kifani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyofika shambani kabla yake, na kwa miaka mingi alikuwa amewalea watoto wa majirani akimsubiri mjukuu wake. Alimpokonya Yasinta jembe, akampokonya ndoo, na kila asubuhi alikoroga uji mzito wa mahindi, akautia maziwa na sukari ya kutosha, akamletea mkamwana wake kitandani na kusimama mlangoni hadi bakuli liishe.

"Mama, ni vijiko vinne vya sukari," Yasinta alimwambia mama yake kwenye simu. "Nimevihesabu. Hatoki mpaka nimalize."

"Mwambie kichefuchefu kimekuzidi."

"Nilimwambia. Akaongeza ndimu."

Efrazia alicheka, na Yasinta naye akacheka kidogo. Lakini kicheko cha binti kilikatika haraka. "Mama, unakumbuka daktari wa Korogwe? Alisema siku nikitaka mtoto niende kwanza kabla ya mimba, wanichagulie insulini na kipimo. Sasa mimba imeshaingia. Nataka kwenda."

"Utakwenda kwa kisingizio gani? Korogwe ina macho. Wifi yake mama mkwe wako anakaa pale pale mjini. Vumilia ujifungue. Wangapi wamezaa na kisukari?"

"Wangapi, mama? Mimi simjui hata mmoja."

 Pale Kwamsisi, Hosiana mwenyewe ndiye aliyempeleka Yasinta kliniki ya wajawazito, akakaa naye bega kwa bega kwenye benchi kama askari na bendera. Muuguzi alipouliza iwapo alikuwa na ugonjwa wowote wa muda mrefu, Yasinta alimtazama mama mkwe wake, akaona uso uliojaa fahari, akasema hana. Alipopewa kikopo cha mkojo alidai umegoma kutoka, akaahidi kuuleta kesho. Kesho hiyo haikufika. Tumbo lilikua upesi kuliko miezi yake, na majirani walisema atazaa jitu.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba pale Efrazia alipofika dukani kwa Riyaz Jumatatu moja na kukuta mambo yamebadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata dawa yangu."

Riyaz alitikisa kichwa. "Ile yako, ile yenye ukungu ndani, imeadimika mji mzima. Mzigo uko njiani, lakini siku hawaisemi." Alifungua friji na kutoa kisanduku chembamba. "Ninayo hii. Ni aina mpya, inakuja na kalamu yake ya kuchomea. Unachoma mara moja tu kwa siku."

"Ni ile ile?"

"Ni insulini, ila si ile ile. Kwa mama wa umri wako haina neno, nitakuandikia pa kuanzia. Angekuwa binti mjamzito nisingempa hivi hivi. Wajawazito wana zile zilizozoeleka kwao miaka mingi, na daktari ndiye huwachagulia na kuwapandishia kipimo kadiri mimba inavyokua. Hapo ningeinua simu kwanza."

 Maneno yalimfika Efrazia ulimini: ni ya binti mjamzito, inua simu. Lakini pembeni yake, akisubiri dawa ya kikohozi, alikuwa amesimama yule wifi wa Hosiana anayekaa mjini. Walikuwa wamesalimiana muda mfupi uliopita, wakaulizana habari za Kwamsisi. Mwanamke yule alikuwa ametega sikio, au Efrazia aliona hivyo.

"Mbona umenyamaza, mama?" Riyaz aliuliza.

"Nakusikiliza. Nifungie."

Kifurushi kilifika Mkata siku iliyofuata. Jioni ya siku hiyo, kabla jua halijazama, Yasinta alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini na kavu.

"Mama, nimeisoma karatasi iliyomo kwenye kisanduku. Inasema habari za matumizi yake kwa wajawazito bado ni chache, mtu amwulize daktari wake. Daktari wangu ni nani, mama?"

Efrazia aliketi juu ya tenga tupu. Riyaz angeweza kumjibu. Lakini angemwuliza vipi Riyaz, na yeye ndiye aliyesema dawa ni yake? Uongo una tabia ya mlango wa mtego: huingilika kwa urahisi, kutoka ndiko kwenye kazi.

"Usiichome," alisema hatimaye.

"Ile ya zamani imebaki ya jioni hii tu."

"Alhamisi nashuka Korogwe. Nitaitafuta ile yako hata kwa tochi. Ni siku mbili tu, mwanangu. Kunywa maji mengi, punguza chakula."

"Niliambiwa nisikose hata siku moja." Kisha akauliza, "Na uji wa mama je?"

"Kunywa kidogo tu. Usimtie shaka."

Hayo ndiyo maneno ambayo Efrazia aliyarudia kichwani mwake baadaye, siku baada ya siku, akitafuta mahali pa kuyakata yasifike mwisho.

Alhamisi aliteremka mapema. Duka la Riyaz lilikuwa bado halijapata ule mzigo. Maduka mengine mawili vivyo hivyo. Riyaz aliahidi kuiagiza kutoka Tanga, ifike Jumamosi. Akamtazama kwa makini. "Mama, ile mpya imekukataa? Mbona una wasiwasi hivi?" Efrazia akasema haina neno, akarudi sokoni kwenye matenga yake. Hata hajampimia mteja wa kwanza, simu ililia. Alikuwa Mikaeli, aliyekuwa amerejea nyumbani usiku uliopita.

"Mama, shikamoo. Yasinta hali yake si nzuri. Anatapika tangu jana, anahema kama aliyekimbia. Tulidhani ni malaria. Nimepata gari, tuko njiani kwenda hospitalini Handeni."

Efrazia aliyaacha matunda yake pale pale na kukimbilia stendi. Barabara ya kutoka Korogwe hadi Handeni ni ya lami na si ndefu, lakini siku hiyo ilimwia ndefu kuliko umri wake wote. Alihesabu madaraja, akahesabu vibao, akasali sala zote alizofundishwa utotoni na nyingine alizozitunga mwenyewe. Mara mbili alitoa simu ili amwambie Mikaeli ukweli. Mara mbili aliirudisha mkobani. Alijiambia ni afadhali akaseme ana kwa ana.

Alipofika, aliwakuta Mikaeli na Hosiana wamesimama ukutani, nje ya wodi. Hosiana alikuwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyeitwa Joyceline, alitoka na faili mkononi.

"Nimewauliza mara mbili na ninawauliza tena," alisema kwa utulivu. "Pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyochacha, na sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuisoma. Hili si jambo la leo. Alianza lini?"

"Hana ugonjwa wowote, mwanangu," Hosiana alijibu. "Ni mzima. Mimi ndiye ninayekaa naye."

Joyceline alimtazama Mikaeli. Mikaeli akatikisa kichwa.

"Ana miaka kumi na miwili nao," Efrazia alisema.

Alikuwa amesimama nyuma yao, hakuna aliyekuwa amemwona. Wote waligeuka. Sasa mlango ulikuwa umefunguka na maneno yalitoka yote: sindano za asubuhi na jioni, mtungi wa mchanga, dawa mpya, siku mbili bila dawa. Joyceline aliandika haraka, akarudi ndani karibu akikimbia.  Mikaeli alimtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu, kisha akatazama mlango uliofungwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala mwaka na nusu ilikuwa ya mtu mwingine.

Walimwokoa Yasinta. Iliwachukua siku nzima ya maji ya mishipa na insulini iliyopimwa kwa saa, lakini walimwokoa. Mtoto hawakumkuta. Moyo wake ulikuwa umekwisha kusimama kabla ya gari kufika Handeni. Alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi nyeusi na mashavu yaliyojaa, na alipozaliwa kesho yake alikuwa kama mtoto aliyechoka tu akasinzia. Hosiana ndiye aliyempokea kwenye kanga. Alimtazama, akamrekebisha kichwa, akamfunika vizuri miguu kana kwamba kulikuwa na baridi.

Baadaye Joyceline aliwakalisha kwenye benchi la varandani akawaeleza, kwa kuwa Mikaeli alitaka kujua. Sukari ya mama hupita ikamfikia mtoto tumboni, alisema, lakini insulini haipiti. Hubaki kwa mama na kumlinda. Ndiyo maana mjamzito mwenye kisukari haachi sindano. Kinachofanyika ni kumchagulia zile ambazo usalama wake umejulikana kwa miaka mingi, kumpima mara kwa mara, na kumwongezea kipimo, maana mimba ikikua mwili hudai dawa zaidi. "Kipimo alichokuwa akitumia kilikuwa cha msichana asiye na mimba," alisema. "Sukari ilikuwa juu kwa miezi. Siku hizi mbili zilikuja kumalizia tu."

"Na ile mpya?" Efrazia aliuliza. "Ile niliyomkataza?"

Joyceline alimgeukia. "Si ambayo daktari angeianzia. Lakini hata hiyo ingekuwa afadhali kuliko kukosa kabisa, mama. Mngeuliza, mngeambiwa."

 Hosiana, aliyekuwa hajazungumza tangu asubuhi, aliitazama mikono yake.

"Nilikuwa nampa uji," alisema. "Kila siku ya Mungu. Vijiko vinne. Siku nyingine alikuwa akiniangalia kwa macho ya kuomba, mimi nikadhani ni deko la mimba, nikasema kunywa, mwanangu, ni kwa ajili ya mtoto." Akamgeukia Efrazia. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo Efrazia aliloshindwa kulistahimili. "Mkwe wangu, ungeniambia neno moja tu. Ningempikia majani bila chumvi. Ningemshikia hata hiyo sindano. Kwa nini ulinifanya nimlishe mjukuu wangu sumu kwa mkono wangu?"

Efrazia alitaka kusema habari za Mkumbara, za yule mzee mpole na chai yake. Akaona kwamba hazikuwa jibu. Hosiana hakuwa Mkumbara. Hakuwahi hata kupewa nafasi ya kukataa, wala ya kukubali. Efrazia alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya watu, akashika miguu ya mwenzake yenye kandambili za rangi mbili, akalia kilio ambacho hakuwa amelia hata siku ya kumzika mumewe.

Walimzika mtoto Kwamsisi, pembezoni mwa michungwa, katika kaburi ambalo Mikaeli alilichimba peke yake na kukataa kusaidiwa. Siku tatu baadaye alirudi barabarani na fuso lake, na kwa mwezi mzima hakupiga simu. Yasinta hakumlaumu. Alimweleza mama yake kwamba kabla ya kuondoka Mikaeli alisema jambo moja tu: "Ugonjwa ningeubeba. Mlichonibebesha ni uongo." Naye Yasinta hakumlaumu mama yake kwa maneno, alimpokea, akamwandalia kiti, akamjibu kila alichoulizwa. Lakini hakumpigia tena simu jioni kumsimulia mambo madogo madogo, na Efrazia alijua kwamba mlango huo ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Jambo la kwanza alilofanya Efrazia baada ya matanga ni kwenda dukani kwa Riyaz. Kulikuwa na wateja watano. Hakungoja waondoke. "Mwanangu, nifute kwenye daftari lako," alisema. "Mimi si mgonjwa. Dawa ilikuwa ya binti yangu, na alikuwa mjamzito. Ulinieleza la kufanya, nami nikanyamaza." Riyaz aliweka kalamu chini. Akauliza polepole, "Na mtoto?" Efrazia akatikisa kichwa. Riyaz akainama juu ya daftari, akalifuta lile jina.

Mikaeli alirudi. Hakuna aliyejua alichokiwaza huko barabarani, lakini alirudi asubuhi moja akiwa amenyoa ndevu, akamwambia mkewe avae, wanakwenda Korogwe kliniki. Hosiana akasema naye anakwenda, na akaenda. Daktari aliwapokea wote watatu. Alimwanzishia Yasinta aina mbili za insulini, ya haraka kwa chakula na ya polepole kwa siku, zote zile zilizozoeleka kwa wajawazito, ili ikitokea mimba siku moja asihitaji kubadilishiwa. Akawaambia wasubiri kwanza sukari ikae mahali pake kwa miezi kadhaa. Kama atapata mtoto mwingine, alisema, hilo hawezi kuwaahidi.

Efrazia alikuwa amewasubiri nje kwenye benchi. Yasinta hakumwita ndani, naye hakuthubutu kuingia. Kando yake alikaa mama mmoja kutoka milima ile ile ya Usambara, na msichana wa miaka kama ishirini aliyekuwa amejitanda kanga hadi puani. Mama yule alimsogelea Efrazia, akamnong'oneza kwamba wao wamekuja mbali makusudi ili wasionekane, kwani binti ana posa, na mambo ya sindano yakijulikana posa itavunjika. "Nawe si mama? Unaelewa," alisema.

"Naelewa," Efrazia alijibu. "Nilisema hivyo hivyo, neno kwa neno."

Akamwambia yote, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, hadi watu wa benchi la pili wakageuka. Alimwambia habari za daftari la dukani na uji wa vijiko vinne, na habari za kaburi dogo kule Kwamsisi ambalo yeye, bibi yake, huenda kulipalilia kila mwezi na halijui kwa jina, kwa sababu mtoto hakuwahi kupewa jina. Yule msichana alishusha kanga usoni polepole. Mama yake aliinamisha kichwa.

Mlango wa daktari ulifunguka. Yasinta akatoka ameshika karatasi zake wazi mkononi, mumewe upande huu na mama mkwe upande ule, watu watatu wasiobeba mtoto. Efrazia aliwatazama wakimjia. Hapo ndipo alipouelewa usemi aliousikia tangu utoto wake na kuutumia ovyo kwa wengine, kwamba aibu anayoifunika mtu ili imsitiri ndiyo hiyo hiyo inayomfungia mlango wa uzazi: mficha uchi hazai.